Mwalimu Wastani na Kanuni ya Mlango

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake na wanafunzi wake wa miaka mingi, aliyelala mbele yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi, kwa sababu mkunga alichelewa na mtoto alikataa kumngoja. Alikuwa kifungua mimba wa kinyozi na mkewe. Aliyemfuata alitangulia mbele ya haki akiwa bado mchanga, na kitinda mimba ndiye huyu dada yake anayewasomea wasifu huu. Dada huyu ameombwa na familia asome kwa utulivu na asichomeke maneno yake. Atajitahidi.

Duka la baba yao lilikuwa na benchi moja, kioo chenye ufa, na mashine moja ya kunyolea iliyotunzwa kuliko watoto. Mwanzoni lilikuwa na kiti kimoja pia. Marehemu alipokuwa darasa la kwanza, baba alinunua kiti cha pili na kuajiri msaidizi, akitumaini wateja wataisha upesi. Hawakuisha upesi. Msaidizi alisimama na shuka mkononi akiingoja mashine, na baba alipompa mashine, baba naye akasimama. Marehemu alikuwa akifagia nywele. Akauliza, "Baba, kiti cha pili cha kazi gani?" Baba akamjibu, "Kinapendeza. Mtu akishakaa kitini anajiona ameanza kunyolewa." Baba yao alikuwa akisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kwamba kazi yake yeye ni kuzipunguza. Za mwanawe hazikupungua. Swali la kiti cha pili liliingia kichwani mwa yule mtoto likakaa humo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, katika shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako watoto wote walinukia usafi hata wasipooga. Kati ya 1966 na 1971 alikuwa sekondari ya bweni. Huko alishika nafasi ya kwanza katika hesabu na ya mwisho katika kuimba, na barua zote mbili, ya pongezi na ya pole, zilisomwa nyumbani kwa sauti. Mwaka 1972 alijiunga na chuo kikuu kusomea hisabati, akahitimu mwaka 1975. Mwaka huohuo aliajiriwa katika chumba cha kompyuta cha chuo, ambacho kilikuwa chini ya ngazi, chenye baridi, na dirisha moja dogo ambalo watu walipitishia kadi zao zilizotobolewa ili mashine izisome. Mwaka 1978 alipelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu, na mwaka 1982 alirudi akiwa na shahada ya uzamivu, koti zito lisilofaa kwa jua letu, na jibu la kiti cha pili.

Hapa dada yake anaomba subira yenu, kwa sababu kazi ya marehemu wengi wetu tuliisikia mezani bila kuielewa. Kompyuta kubwa huwa na prosesa nyingi, yaani sehemu za kufikiri, na kompyuta hizo zikiunganishwa ndio huitwa mtandao. Watu hudhani ukiongeza prosesa, kazi inakwenda mbio zaidi. Marehemu alionyesha kwa hesabu kwamba prosesa zote hizo hupita mlango mmoja kuifikia kumbukumbu ya mashine, na zikizidi, kila moja inamaliza maisha yake ikingoja nyingine. Wapishi wanne kwenye jiko moja si wapishi wanne. Mwaka 1986 alitoa kanuni fupi ya kumwambia mhandisi aongeze prosesa hadi wapi, na ni maombi mangapi ya mashine yatakayokuta mlango umefungwa. Wakaiita kanuni ya mlango, na kwa kuwa mitandao nayo ina milango yake, ikatumika huko pia. Wanafunzi waliikariri, wahandisi waliibandika ukutani kwenye vyumba vya mitambo, na baadhi yenu mliokaa safu ile ya mbele mmejenga mitandao yenu juu yake hadi leo.

Alifundisha chuoni kuanzia 1982 hadi alipostaafu mwaka 2014. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Wastani, kwa kuwa kila aliyemlalamikia jambo aliulizwa, "Wastani wake ni upi?" Mwanafunzi mmoja alimwambia amechelewa darasani kwa sababu mvua imenyesha. Akaulizwa wastani wa mvua. Watu wengi walidhani mtu aliyesomea hesabu za foleni lazima awe na subira. Tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, maana yeye mwenyewe angeusema: marehemu alikuwa hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Akiambiwa subira yavuta heri, alijibu kuwa foleni haihitaji heri, inahitaji mlango wa pili. Dukani alikuwa akiacha bidhaa zake kaunta na kwenda kumweleza meneja kasoro ya mpangilio wake, na mkewe alikuwa akibaki pale akijifanya hamjui.

Mke huyo alimpata idarani. Alikuwa mpiga chapa, na ndiye aliyekabidhiwa maandishi ya marehemu yaliyomshinda kila mtu. Siku ya kwanza alimwendea na ukurasa mkononi. "Mwalimu, samahani. Hii ni herufi au mdudu alifia hapa?" Marehemu akasema ni alama ya kujumlisha. "Basi maskini, ingetakiwa izikwe," akasema mpiga chapa. Marehemu, aliyekuwa akibishana na maprofesa bila kupepesa macho, alichukua kalamu akaiandika upya alama ile. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Aprili 1984.

Katika kazi ya marehemu, anayeujaribu mtandao hutupa matokeo ya mwanzo, kwa kuwa foleni huanza ikiwa tupu na mambo huwa bado hayajatulia. Walipotimiza mwaka mmoja, shemeji yake alimwuliza mbele ya wageni ndoa ikoje. Marehemu akajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Mwaka wa kwanza hauhesabiwi. Tunautupa." Wageni wakaweka vikombe chini. Alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama, huku bibi harusi wa mwaka jana amekunja mikono akimsikiliza. Wifi yetu alimsamehe, lakini kwa mpango wake na kwa muda wake. Waliishi pamoja kwa upendo, na Mungu aliwajalia binti mwaka 1985 na mtoto wa kiume mwaka 1989.

Binti huyu mkubwa alirithi paji la uso la baba yake, ubishi wake na kazi yake. Alisomea kompyuta, akaajiriwa kusimamia mtandao wa hospitali, ule unaopeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi kwenye wodi. Baba mtu alijivuna naye hadi ikachosha. Akimtambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ndiye anayekaa mlangoni kwelikweli. Mimi nilikaa kwenye karatasi." Kila Jumapili walikaa sebuleni wakibishana mambo ya mashine, na mama mtu aliwawekea sheria moja tu, kwamba wasigonge meza yenye vikombe.

Mwaka 2021 mtandao wa hospitali ulianza kukwama. Kanuni ya mlango ilisema una nafasi ya kutosha. Binti akaipiga upya, ikasema vilevile. Wauguzi wakasimama mbele ya skrini tupu, majibu ya wagonjwa yapo maabara na hayafiki, na lawama zote zikamwangukia yeye. Alihangaika na tatizo hilo miezi mingi, na alipoona kasoro ilipo, hakufurahi. Aliona ipo ndani ya kanuni ya baba yake.

Kasoro yenyewe ni hii. Marehemu aliipiga hesabu yake akidhani kwamba ombi likikuta mlango umefungwa linaondoka na kupotea. Enzi za kadi ilikuwa kweli, kwa sababu aliyekuta dirisha limefungwa alibeba kadi zake akaenda nyumbani. Mashine za leo haziendi nyumbani. Zikikosa jibu zinauliza tena palepale, na tena, na tena, hata foleni inajaa maswali ambayo yalikwisha kuulizwa. Mtandao unaonekana kwenye karatasi kuwa mzima, kumbe unakufa. Wapo wataalamu waliokwisha kuandika habari za maombi yanayorudi, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuipima kanuni ya Mwalimu Wastani kwa jambo hilo. Binti aliandika kila kitu vizuri, akaweka kurasa zake kwenye mkoba, akakaa nazo majuma kadhaa. Hakutaka kuzipeleka popote kabla baba yake hajaziona.

Jumapili tarehe 6 Februari 2022, baada ya chakula cha mchana, alizitoa.

"Baba, nina jambo. Linahusu kanuni ya mlango."

"Imekukosea nini?"

"Nadhani ina kasoro."

Marehemu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Binti akamweleza. "Ulidhani anayekuta pamefungwa anaondoka. Haondoki, baba. Anageuka palepale anabisha hodi tena. Mashine haina haya."

Baba alisoma kurasa zote, pole pole, bila kugonga meza. Alipomaliza alizilinganisha kingo na kuziweka gotini. Binti akauliza, "Ni kweli, au nimekosea?" Marehemu akasema, "Nitakujibu." Ndivyo alivyokuwa. Miaka yote ya kufundisha hakuwahi kumjibu mwanafunzi siku ileile, akisema jibu la haraka ni la kubahatisha. Lakini Jumapili ile hakumsindikiza binti yake hadi getini kama kawaida yake, na binti aliliona hilo, akaondoka nalo.

Jumatano asubuhi, tarehe 9 Februari, mkewe alimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, cha pili amekishika akikitazama kama si chake. Kilikuwa ni kiharusi. Kilimchukua mkono na mguu wa kulia, na kikamfungia maneno. Alisikia yote. Alielewa yote, macho yake yalionyesha. Ila neno moja lilimgharimu jasho la shamba zima.

Daktari aliieleza familia kwamba shinikizo la damu lilikuwa likimla kwa miaka, na kwamba vidonge alivyoandikiwa alivimeza kwa wastani tu. Binti hakusikia hata moja la maneno hayo. Alikuwa amekwisha kujihukumu. Na binamu mmoja, ambaye leo hatutamtaja ingawa amekaa hapa, alinong'ona koridoni kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwa kuwa alisikia habari za karatasi za Jumapili. Binti alikuwa nyuma yake na kikombe cha uji mkononi. Dada yake marehemu ameahidi kutochomeka maneno yake, lakini hili atalisema: ulimi ule ulimwumiza mtoto kuliko kiharusi kilivyomwumiza baba.

Juma la kwanza wodini walifika wenzake wa idara, wote kwa mkupuo. Mkuu wa idara, profesa mstaafu, walimu watatu wa hesabu za foleni. Walikizunguka kitanda na kuanza.

"Wastani! Unanisikia? Unataka maji?"

"Maji anayo. Wastani, maumivu yako wapi?"

"Hajajibu. Mwulize tena."

"WASTANI, UNATAKA MAJI?"

Marehemu alifungua mdomo, akaufunga. Kila neno alipolifikisha ulimini, swali jingine lilikuwa limekwisha kulisukuma nyuma. Jasho likamtoka. Binti yake akainuka kwenye kona alikokuwa ameketi.

"Naombeni radhi, wazee wangu. Aulize mmoja. Aulize mara moja. Asirudie."

Profesa mstaafu alimtazama rafiki yake kitandani, akawatazama wenzake, akavua kofia. "Mungu wangu," akasema, "sisi ndio tumeziba mlango." Wakatoka nje mmojammoja, na mzee huyo alionekana akilia karibu na ngazi. Tangu siku ile hiyo ikawa sheria ya kitanda chake, na wauguzi nao wakaishika. Aliyeiweka sheria hiyo alikuwa na swali lake mwenyewe ambalo halijajibiwa, na kwa sheria yake mwenyewe akajizuia kulirudia. Alimwambia shangazi yake, "Nikimwuliza tena nitamwua." Shangazi mtu alimwambia ni upuuzi. Hilo halikumsaidia kitu.

Basi tukajifunza kungoja, sisi tusiojua kungoja. Majibu ya marehemu yalikuja kwa wakati wao. Dada yake alimwuliza asubuhi kama dirisha lifungwe, akangoja, akakata tamaa, akaenda zake sokoni. Alasiri, akiwa anamlisha, marehemu akasema, "Hapana." "Hapana nini, kaka? Uji hutaki?" Marehemu akakusanya nguvu. "Dirisha." Ikawa nyumba nzima tunakumbuka maswali yetu, maana jibu likija halisemi ni la nani. Mtoto wake wa kiume alimwuliza kuhusu mpira Jumamosi, akajibiwa Jumatatu, na timu ilikuwa imekwisha kufungwa.

Mwezi wa tano alikuwa amerudishwa nyumbani. Alasiri moja tulikuwa wengi sebuleni, na hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote. Akasema waziwazi, "Ni kweli."

Tukaanza kulitafutia jibu hilo mwenyewe wake. Mkewe akasema ni lake, alimwuliza kama mto umekuwa mgumu. Dada yake akasema ni lake, alimwuliza kama anakumbuka jinsi baba alivyopiga chafya. Hata jirani alidai sehemu. Binti yake alikuwa akikunja nguo pembeni. Aliendelea kukunja shati lilelile, akalikunjua, akalikunja tena. Hakuthubutu kuamini kuwa ni lake, na hakuthubutu kuuliza. Alikaa na maneno yale mawili miezi mitatu, na kurasa zake zikakaa kwenye mkoba. Alikonda. Kazini mtandao ulikuwa bado unakwama, wauguzi bado wanasimama mbele ya skrini, naye ana dawa ndani ya mkoba na haitoi, kwa kuogopa kuitoa ni kumzika baba yake akiwa hai.

Siku ya Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, binti alikuwa akimkata baba yake kucha. Mama mtu alikuwa akikata mboga, na dada yake marehemu alikuwapo, safari hii amefunga mdomo. Marehemu alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Akasema, "Mbona... hutumi?"

Binti akaacha mkasi. "Nitume nini, baba?"

Tukangoja. "Karatasi."

"Nilikuwa nangoja jibu lako."

Uso wa marehemu ukafanya kitu ambacho hatukuwa tumekiona tangu Februari. Nusu yake iliyokuwa nzima ilikasirika kwelikweli, ile hasira yake ya dukani. "Nilijibu!" akasema.

Hapo ndipo tulipojua lile "ni kweli" lilikuwa la nani. Binti alicheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuvishika vyote viwili. Alipotulia, aliuliza lililokuwa likimla hasa, na aliliuliza mara moja tu. "Ulikasirika, baba?"

Kisu cha mama mtu kilisimama juu ya mboga. "Sana," marehemu akasema.

Binti akainamisha kichwa. Dada yake marehemu alitaka kuingilia, wifi yake akamshika mkono. Kisha marehemu akaanza tena. "Jumapili," akasema. Akapumua. "Jumatatu." Tulidhani anakariri siku za juma, kama mtaalamu wa usemi alivyokuwa akimfundisha, na mkewe akamwitikia kwa upole, "Vizuri, baba." Marehemu akatikisa kichwa, akafunga macho, akavuta neno kutoka mbali. "Jumanne... nikakubali."

Wifi yetu akaangusha kisu. "Jumanne!" akasema. "Jumanne alipiga pasi mashati yake mwenyewe akiimba. Nilimwambia nyamaza, majirani watadhani tuna mgonjwa. Nikamwuliza una nini leo, akasema mtoto wa kinyozi amenyolewa na mwanawe. Sikumwelewa. Mungu wangu, sikumwelewa!" Na kiharusi kilikuja Jumatano. Kilimkuta hasira imekwisha kuondoka. Binti yake alilaza kichwa kwenye magoti ya baba yake, na mkono wa kushoto wa marehemu ukatafuta, ukafika, ukatulia juu ya nywele zake. Dada yake marehemu haoni aibu kusema kwamba alilia hadi akapata kwikwi.

Kurasa zile zilitumwa siku iliyofuata, kwa wakuu wa hospitali na kwa jarida la kitaalamu. Mwezi wa tisa hospitali ilibadilisha utaratibu, mashine zikafundishwa kungoja kidogo kabla ya kuuliza tena, na kila zikikosa jibu, zingoje zaidi. Mtandao haujakwama tena. Marehemu alipoambiwa, aliuliza baada ya chai, "Wastani?" Binti akamtajia. Akaridhika.

Katika majuma yake ya mwisho alikuwa mchovu, na maneno yakazidi kuwa haba. Aliagiza jambo moja tu kuhusu siku hii ya leo. Halikuwa wimbo, wala maua, wala mahali pa kaburi. Alitaka kasoro ya kanuni yake itangazwe hapa. Mkewe alimwuliza kwa nini mazishini, jambo hilo si litaandikwa kwenye majarida ya kitaalamu? Alijibu jioni. "Watakuwepo... wote."

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2022, saa tisa alasiri, kiharusi cha pili kilipomjia usingizini. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini. Nyumba ile sasa ni kimya, na tumejikuta bado tunangoja, mtu akisimama mlangoni mwa chumba chake, akisahau kwamba hakuna tena swali lililo njiani. Ndilo linalotuuma zaidi. Tulizoea kwamba akinyamaza, jibu linakuja.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike mwenye umri wa miaka minne, dada mmoja, na wanafunzi wengi ambao wengine wao wamekuwa walimu wa walimu. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, mtaalamu wa usemi, majirani na wote walioketi naye bila kumharakisha.

Na sasa agizo lake. Wataalamu mliopo, mlio safu ya mbele na mliosimama nyuma kwenye jua, sikilizeni, maana dada yake hatarudia. Kanuni ya mlango ya mwaka 1986 isitumike kwa mtandao wowote ambao mashine zake hurudia kuuliza. Iondoeni ukutani. Tumieni kazi ya binti yake, huyu aliyevaa nyeusi hapa kushoto kwa mama yake. Simama, mwanangu, wakuone. Baba yako aliisoma kazi hii akiwa na akili zake timamu. Ilimwuma Jumapili, ikamwuma Jumatatu, na Jumanne aliikubali.

Ewe Mola, mpokee kaka yetu, umpe utulivu aliowanyima mameneja wa maduka. Alale kwa amani.